Utena, Msichana Aliyetaka Kuwa Mwanamfalme

Mwalimu anamkuta msichana wa miaka 14 kwenye ushoroba wa shule ya Ohtori na kumkaripia: kwa nini kila siku anavaa sare ya wavulana? Msichana anajibu kwa utulivu kwamba katika kanuni za shule hakuna pahali palipoandikwa kuwa msichana asivae sare ya kiume. Mwalimu hana la kuongeza. Punde si punde msichana yuko uwanjani anacheza mpira wa kikapu na wavulana, anawapita mmoja baada ya mwingine, na wasichana wenzake wanamshangilia kandoni. Ndivyo inavyoanza anime (katuni ya Kijapani) ya msichana huyo, Utena, iliyorushwa na TV Tokyo kuanzia Aprili hadi Desemba 1997, sehemu 39.

Mara ya mwisho nilipoitazama nilikuwa na binti ya dada yangu, mtoto wa miaka tisa. Akaniuliza, "Mjomba, kwani huyu ni kaka au dada?" Nikamwambia ni dada. Akanyamaza kidogo, akaangalia tena, halafu akauliza swali ambalo ndilo limenikalisha kuandika haya: "Sasa ule ukaka wake uko wapi?"

Watu wazima huwa na jibu la haraka: huyo ni jike dume. Neno hilo silipendi, na si kwa sababu ya ukali wake tu. Linafunga mazungumzo kabla hayajaanza, kwa kuwa linatia kwenye kapu moja mambo ambayo hayalingani: namna mtu anavyovaa na kusema, kile ambacho jamii inamruhusu kukifanya, na kile alichonacho moyoni. Mambo hayo yakishachanganyika, kila msichana mwenye ujasiri anaonekana amekopa kitu cha kaka yake. Wasanii wa Japani wamekuwa wakiufungua mkufu huu uliofungamana pingili kwa pingili tangu miaka ya 1950, na kwa maoni yangu Utena ndiye aliyefika mbali kuliko wote. Ila kumwelewa yeye peke yake, bila kuwajua dada zake wakubwa wawili wa kisanaa, Sapphire na Oscar, ni kuanza hadithi katikati.

Nianze na kusema, maana hapo ndipo tunapopitwa. Kiswahili kina "mimi" mmoja tu. Mfalme ni mimi, mtumwa ni mimi, bibi na mjukuu wote ni mimi. Kijapani kina nyingi. "Watashi" ni ya adabu na inaweza kutumiwa na yeyote. "Atashi" inasikika ya kike. "Ore" ni ya mwanamume anayejitanua. Na "boku" ni ya wavulana na wanaume, laini kuliko "ore". Utena anajiita "boku". Mjapani akifumba macho bado anasikia kwamba msichana huyu amevuka mstari, ilhali sisi tunaosoma tafsiri chini ya picha tunaona "mimi" kavu kabisa. Lakini angalia vizuri: pamoja na hiyo "boku", hakuna mahali anapodai kuwa si msichana. Hajifichi, hajabadili jina, nywele zake ni ndefu na za waridi. Hata koti lake jeusi na kaptura yake nyekundu havifanani na sare ya mvulana yeyote shuleni pale. Wavulana wa Ohtori huvaa rangi nyingine kabisa. Kwa hiyo anachokivaa si mavazi ya wavulana hawa anaosoma nao. Amevaa picha aliyonayo kichwani, na picha hiyo ni ya mwanamfalme.

Lugha yetu nayo haijatakata katika jambo hili. Viambishi vyetu havibagui: anapigana, anashinda, analia, na hujui kama ni Juma au ni Asha. Ila sifa tumezigawa. Mkono wenye nguvu ni mkono wa kuume, wa kushoto ni mkono wa kike. Mtu akitetereka anaambiwa ajikaze kiume, hata kama ni mama aliyekwisha kuzaa watoto watano bila sindano ya ganzi. Yaani ujasiri tumeuandikia hatimiliki, na jina lililoandikwa humo ni la mwanamume. Ndiyo maana yule mtoto aliutafuta "ukaka" wa Utena.

Mwaka 1953 mchoraji wa hadithi za picha Tezuka Osamu alianza kuchora hadithi ya Sapphire, binti wa mfalme wa nchi ya Silverland, katika jarida la wasichana. Baadaye ikawa anime ya sehemu 52, mwaka 1967 na 1968. Sapphire kabla ya kuzaliwa alipewa mioyo miwili. Malaika mdogo mtundu, huko mbinguni ambako watoto hugawiwa mioyo, alimlisha moyo wa buluu wa kiume, na Mungu naye akampa wa waridi wa kike. Sasa mtoto amezaliwa msichana, na katika nchi ile msichana harithi kiti cha enzi. Wazazi wanamtangaza kuwa ni mvulana. Mbele za watu anafunzwa upanga na kupanda farasi. Kwa siri, ndani, anapata muda mfupi wa kuvaa gauni.

Tazama alichokifanya Tezuka. Ujasiri ameufanya kitu unachoweza kukishika: una rangi, unaingia na kutoka. Moyo wa buluu ukiondolewa, Sapphire anaishiwa nguvu na upanga unamshinda. Ukirudishwa, anasimama tena. Kwa msomaji mdogo wa miaka ile hii ilikuwa zawadi kubwa, kwamba msichana anaweza kuwa shujaa wa hadithi nzima akiwa na upanga mkononi. Hata hivyo hatimiliki haikuguswa. Ujasiri ulibaki wa kiume, na Sapphire alikuwa nao kwa bahati ya kosa la malaika. Mwishoni anaolewa na mwanamfalme wa nchi jirani, Franz, na gauni linashinda.

Sitaki kumlaumu Tezuka kupita kiasi, kwa sababu kuna upande mwingine aliuona kwa jicho kali sana: haki. Shida ya Sapphire haianzi moyoni mwake hata kidogo, inaanzia kwenye sheria ya urithi. Angekuwa anaruhusiwa kurithi akiwa msichana, hadithi yote isingekuwepo. Na hilo halikuwa jambo la kubuni tu. Wanawake wa Japani walipiga kura katika uchaguzi mkuu kwa mara ya kwanza Aprili 1946, na katiba iliyoanza kutumika 1947 ikatamka usawa wa mume na mke. Lakini sheria ya familia ya kifalme ya mwaka huohuo 1947 iliacha kiti cha enzi kwa wanaume wa ukoo wa kiume peke yao, na hadi leo ndivyo ilivyo. Msichana aliyesoma habari za Silverland hakuhitaji kwenda mbali kuipata.

Mtu akiuliza Tezuka alipata wapi wazo la msichana mwenye upanga na kofia ya manyoya, jibu liko katika mji aliokulia, Takarazuka. Kundi la maonyesho la mji huo, lililoanza kupanda jukwaani 1914, ni la wanawake watupu. Nusu yao hufunzwa kucheza wanaume: kutembea, kukaa, kushusha sauti, kushika kiuno cha mwenzake katika dansi. Mama yake Tezuka alimpeleka mtoto kuyatazama, na yakamkaa. Upande wa pili wa jambo hilohilo kuna kabuki, maigizo ya jadi ya Kijapani. Wanawake walipigwa marufuku jukwaani mwaka 1629, na tangu hapo wahusika wa kike wa kabuki wamechezwa na wanaume waliojifunza uanamke kama fundi anavyojifunza useremala, miaka na miaka, hadi pindo la kimono likiburuzwa unaona bibi harusi. Mtazamaji wa Japani basi amezoea kwa karne kadhaa kuona kwamba uanaume na uanamke vina sehemu inayofundishika. Hilo linaeleza kwa nini shujaa kama Oscar alipokuja, hakuna aliyehitaji kuelezwa sana.

Oscar François de Jarjayes ni kazi ya mchoraji Ikeda Riyoko, katika hadithi yake ya picha ya Versailles, kasri la wafalme wa Ufaransa, iliyochapishwa kati ya 1972 na 1973. Mwaka 1974 kundi la Takarazuka likaipandisha jukwaani, na anime yake ya sehemu 40 ikarushwa 1979 hadi 1980. Hapa hakuna malaika wala mioyo ya rangi. Jenerali wa Ufaransa anapata watoto wa kike watupu. Wa mwisho anapozaliwa, baba anaamua huyu atakuwa mwanawe wa kiume, anampa jina la kiume na kumlea kwa upanga. Oscar anakua, anakuwa ofisa wa kumlinda Marie Antoinette, malkia wa baadaye, aliyeletwa kutoka Austria mwaka 1770. Kila mtu katika kasri la mfalme anajua kuwa ni mwanamke. Hamdanganyi mtu.

Hapo tayari tumesogea hatua kubwa. Ujasiri wa Oscar umetokana na malezi. Maana yake ni kwamba dada zake wakubwa, wale walioozwa mapema, wangeweza kuwa vilevile kama wangelelewa hivyo. Ikeda anaifikisha hoja hiyo kupitia baba mwenyewe. Hali ya nchi inapochafuka, jenerali anaogopa, anageuza uamuzi wake na kutaka kumwoza Oscar. Katika kitabu, binti anamuuliza kama angelelewa kawaida angekuwa ameolewa na kukaa ndani kama dada zake, na baada ya kupata jibu, anamshukuru baba kwa kumpa maisha mapana zaidi. Shukrani hiyo huniumiza kila ninapoifikia, kwa sababu anashukuru kwa kitu ambacho kimsingi alikipata kwa kuwa baba yake alitamani mtoto mwingine.

Kuna usiku mmoja ambao Oscar anavaa gauni, mara moja tu, ili acheze dansi na Fersen, mwanamume anayempenda na ambaye moyo wake uko kwa malkia. Wengi husema hapo ndipo "uanamke wake wa kweli" ulipojitokeza. Mimi naona kinyume. Gauni ndilo vazi la kujificha usiku ule. Fersen, rafiki wa miaka, hamtambui. Aliyemjua Oscar mzima ni André, mjukuu wa yaya wake, aliyekua naye tangu utoto, aliyemwona katika sare, katika hasira na katika machozi, na hakumtaka abadilike chochote. Oscar anapompenda André haachi kuwa kamanda. Anapenda na anaongoza kikosi katika juma hilohilo. André anauawa tarehe 13 Julai 1789, na kesho yake Oscar, aliyekwisha kuvua nishani za ukabaila na kuwaongoza askari wake upande wa wananchi, anapigwa risasi mbele ya gereza la Bastille.

Bado kuna kitu Ikeda hakukigusa. Oscar anakuwa shujaa kwa kupanda kwenye nafasi ya mwanamume, na nafasi yenyewe haihojiwi sana. Sare ni nzuri, farasi ni mweupe, upanga ni upanga. Miaka 18 baada ya anime ya Oscar kuanza akaja mwongozaji Ikuhara Kunihiko na wenzake wa kundi la Be-Papas wakaihoji. Ikuhara alitoka kuongoza anime ya Sailor Moon, iliyoanza 1992, ambayo ilikuwa imekata njia nyingine: wasichana wanaopigana wakiwa wamevaa sketi fupi, rangi ya midomo na vito, bila kuazima chochote cha kaka zao. Kazi ile iliwapa watoto wengi furaha ya kweli, na inastahili makala yake.

Utena akiwa mtoto alifiwa na wazazi. Katika huzuni ile akatokea mwanamfalme juu ya farasi mweupe, akamfariji, akampa pete yenye alama ya waridi. Mtoto alivutiwa naye hadi akaazimia kuwa mwanamfalme yeye mwenyewe. Msimuliaji anapomaliza kisa hicho mwanzoni mwa sehemu nyingi, anauliza kama kweli lilikuwa wazo zuri. Mara ya kwanza niliposikia swali hilo nilidhani ni la wale wanaosema msichana akae mahali pake. Ilinichukua hadi sehemu za mwisho kuelewa kwamba swali ni zito kuliko hivyo.

Mwanamfalme wa hadithi hawezi kuwepo bila binti wa mfalme aliyefungiwa mnarani. Shuleni Ohtori binti huyo ni Himemiya Anthy, ambaye wanaita Bibi Harusi wa Waridi. Wanachama wa baraza la wanafunzi hupigana upanga kwa zamu, anayeangushiwa ua kifuani ameshindwa, na mshindi anamchukua Anthy kama anavyochukua kikombe cha mpira. Tunapomwona kwa mara ya kwanza mshindi wa wakati ule, Saionji, anampiga kofi. Utena anaingia ulingoni kwa sababu nyingine: barua ya mapenzi ambayo rafiki yake Wakaba alimwandikia Saionji imebandikwa hadharani, na msichana anachekwa. Anakwenda na upanga wa mwanzi wa mazoezini, mwenzake ana wa chuma, wa mwanzi unakatwa, na kwa kipande kilichobaki anaangusha ua la Saionji. Anashinda, na bila kujua anakuwa mchumba wa Anthy.

Baadaye anashindwa na Touga, rais wa baraza. Kesho yake anakuja shule amevaa sketi kama wasichana wengine, kichwa chini, kimya. Hapa ndipo mavazi na moyo vinapotengana waziwazi. Wakaba, msichana wa kawaida kabisa asiye na upanga, anaumia kuona rafiki yake amejikunja namna ile na kumsukuma aurudie ukawaida wake. Neno "ukawaida" ndilo la kushika. Kwa wengine sketi ni kawaida. Kwa Utena kawaida ni koti jeusi. Sketi haikumtoa ujasiri, ni kukata tamaa kulikomtoa, na sketi ilikuwa ishara tu.

Kisha anaingia Akio, kaka yake Anthy na kaimu mwenyekiti wa bodi ya shule, mtu mzima, mtanashati, mwenye maneno. Akio ndiye aliyekuwa yule mwanamfalme zamani. Sasa amebaki na umbo la nje: gari, sauti, cheo, ujuzi wa kumwongoza mtu bila kumshika mkono. Polepole anamrudisha Utena kwenye kiti cha binti wa mfalme. Katika pambano la mwisho anamwambia aweke upanga chini, ampe yeye, yeye ndiye mwanaume. Utena anakataa, na hapo Anthy, yule anayepiganiwa, anamchoma upanga kwa nyuma. Anamwambia hawezi kuwa mwanamfalme wake kwa kuwa ni msichana.

Inauma, lakini kwa Anthy ina mantiki. Zamani alimficha kaka yake asife kwa kuwaokoa watu, na umati ukamgeuzia yeye panga zao na kumwita mchawi. Ndani ya hadithi kuna kauli kwamba msichana asiyeweza kuwa binti wa mfalme mwisho wake ni kuwa mchawi. Ulimwengu wa Ohtori umempa mwanamke vyumba viwili peke yake, cha kulindwa na cha kulaaniwa. Utena alikimbia vyote viwili kwa kuingia chumba cha tatu, cha mlinzi, asijue kwamba mlango wake unafungiwa wengine nje. Tangu siku ya kwanza alikuwa akimwambia Anthy afanye hivi, apate marafiki, aishi kama wengine. Alikuwa na nia njema. Lakini amri hata ikiwa ya upole, Anthy aliitii kama alivyozitii za wengine.

Sasa tazama lango la mwisho, maana sijaona picha nyingine ya anime iliyolisema jambo hili kwa uangalifu kama huu. Akio anachukua upanga wa Utena na kulipiga lango la waridi ili apate nguvu za mwanamfalme. Upanga unavunjika. Anakaa pembeni, amekwisha kuzoea kushindwa. Utena, damu inamtoka, anajiburuta hadi pale, anasukuma kwa mikono mitupu, analia, na machozi yanapoanguka lango linafunguka. Ningeweza kusema machozi ni ya kike, basi uanamke umeshinda. Lakini Oscar alilia, na yule mwanamfalme wa zamani alikuwa mpole kuliko wote, na aliyesukuma lango kwa misuli ni msichana huyohuyo anayelia. Ndani yake anamkuta Anthy amejifungia kwenye jeneza, anamnyoshea mkono na kumsihi aushike. Vidole vinagusana, vinaachana. Utena anaamini ameshindwa, anaomba radhi kwamba alikuwa akicheza tu mchezo wa mwanamfalme, na panga zote zinamgeukia yeye.

Shule inamsahau upesi. Wanafunzi wanasema alifukuzwa, wengine wanasema alihama. Akio yuko mezani anaandaa michezo ya upanga mingine. Anthy anamjia, anavua miwani na kuiweka juu ya meza, anamwambia kwamba Utena hakushindwa, ametoweka tu kwenye dunia ya Akio. Anamwacha Akio na jeneza lake. Kisha anatoka langoni amevaa nguo za safari na kofia, begi mkononi, nywele zimefunguliwa, kwenda kumtafuta aliko.

Nilipofika hapo mtoto wa dada yangu alikuwa hajalala bado. Akauliza, "Na huyu sasa anakwenda kumwokoa?" Nikamwambia anakwenda kumtafuta. Akauliza kama Utena akipatikana atakuwa amevaa koti au gauni, na kabla sijajibu akasema yeye angempelekea vyote viwili, achague mwenyewe.